Mahamali Wanawake wa Ahmedabad na Chama Chao

Leo nataka kuwaelezeni habari za wanawake wa mji mmoja wa Bara Hindi, nchi iitwayo India, waliokuwa wakifanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na huku hakuna aliyewahesabu kuwa ni wafanyakazi. Habari hizi si za kale sana. Wengi katika wale waliozianza walikuwa rika moja na bibi zetu.

Mji wenyewe ni Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, kando ya mto Sabarmati, nao ulijengwa na Sultani Ahmad Shah mwaka 1411. Watu wa pwani yetu hawana haja ya kuambiwa Gujarat ni wapi. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na pepo za kaskazi kutoka Surat na Mandvi, yakileta kaniki na nguo za namna nyingi. Na pamoja na nguo yalituletea maneno tunayoyasema mpaka leo bila kukumbuka asili yake, kama gari, laki na bima. Maneno haya yawekeni akilini, maana tutayakuta tena mbele.

Kiwanda cha kwanza cha kusokota pamba kilianza kazi Ahmedabad mwaka 1861, na vingine vikafuata kwa wingi, hata mji ukapewa jina la Manchester ya Bara Hindi. Mwaka 1918 wafanyakazi wa viwanda waligoma. Walitaka nyongeza ya asilimia 35, na matajiri hawakukubali kuzidisha asilimia 20. Aliyewaongoza ni Mohandas Gandhi, na pamoja naye bibi mmoja, Anasuya Sarabhai. Na ajabu ni kwamba mkuu wa wenye viwanda alikuwa Ambalal Sarabhai, ndugu yake Anasuya mwenyewe. Gandhi alijinyima chakula siku tatu, ndipo shauri lilipopelekwa kwa msuluhishi na wafanyakazi wakapata walichokitaka. Mwaka 1920 kikazaliwa chama cha wafanyakazi wa nguo, ambacho wenyeji walikiita Majoor Mahajan. Kilikuwa chama chenye nguvu na heshima. Lakini kilikuwa chama cha watu wa viwandani, na kadiri miaka ilivyopita watu wa viwandani walizidi kuwa wanaume.

Basi mwaka 1954 chama hicho kikafungua idara ya wanawake. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wake na binti za wafanyakazi: kushona kwa cherehani, kufuma, kutarizi, kupiga chapa. Hapa naomba kusimama kidogo, kwa kuwa jambo hili lanihusu. Sisi walimu tuna desturi ya kudhani kwamba kila taabu ya binadamu ni upungufu wa somo fulani, na kwamba somo likiisha kufundishwa, taabu nayo imekwisha. Waliofungua madarasa yale walikuwa watu wema, wala mimi siidharau cherehani. Nimeona nyumba nyingi zinazokula kwa cherehani moja. Lakini mwanamke akifundishwa kushona, kisha mfanyabiashara akawa ndiye mwenye kitambaa, ndiye mwenye soko na ndiye mwenye kutaja bei, na fedha ikiisha kulipwa ikatiwa mkononi mwa mume, je, ujuzi ule umemfaidi nani?

Aliyelikuta swali hilo njiani mwake ni Bibi Ela Bhatt. Alizaliwa Ahmedabad mwaka 1933, binti wa mwanasheria, naye mwenyewe akasoma sheria. Mwaka 1955 aliingia katika chama cha wafanyakazi wa nguo ili kutetea mashauri yao, na mwaka 1968 akawekwa kuwa mkuu wa idara ya wanawake. Siku zile baadhi ya viwanda vikubwa vilikuwa vimeanza kufungwa. Bibi Ela akazitembelea nyumba za wanaume waliopoteza kazi, akaona jambo ambalo halikuwa katika hesabu ya mtu yeyote: nyumba zile zilikuwa bado zinakula. Nani alizilisha? Wanawake. Huyu aliuza mboga njiani, huyu alishona vipande vya nguo, huyu aliokota karatasi, huyu aliviringisha bidi, zile sigara ndogo za jani. Mume alikuwa na chama, na sheria ya mshahara, na mtu wa kumsemea mbele ya hakimu. Mke alifanya kazi saa zile zile au zaidi, wala hakuwa na lolote katika hayo.

Mwaka 1971 kikundi cha wanawake waliokokota mikokoteni katika soko la nguo walikuja katika idara. Walikuwa wamehamia mjini kutoka mashamba, wakilala kando ya barabara, na haja yao ilikuwa kutafutiwa mahali pa kukaa. Bibi Ela hakuwajibu akiwa kitini. Alifuatana nao akapaona wanapolala, kisha akapaona wanapofanya kazi, na huko akawakuta wengine, mahamali wanawake, waliochukua mafurushi ya nguo vichwani kutoka duka la jumla mpaka duka la rejareja. Jua la Gujarat mwezi wa Mei si jua la mchezo. Wanawake hawa walilipwa kwa kila safari, iwe njia ni fupi au ndefu, mzigo uwe mwepesi au mzito. Na safari zenyewe hazikuandikwa popote, hata jioni mwenye duka alipotaja hesabu iliyo chini ya ile aliyoihesabu hamali kwa miguu yake, hapakuwa na ushahidi wa kumpinga.

Bibi Ela akaandika habari zao gazetini. Wafanyabiashara wakachukizwa, nao wakaandika gazetini kukanusha, wakisema kwamba wao huwalipa mahamali wao vizuri na kwa haki, wakaeleza na malipo yenyewe. Hapo ndipo pa kustaajabia akili ya watu. Idara ya wanawake haikubishana nao tena. Iliyachukua maneno yale yale ya wafanyabiashara, ikayapiga chapa katika kadi ndogo, na kuwagawia mahamali. Tangu siku hiyo hamali aliyepunjwa aliweza kutoa kadi yake na kumwonyesha mwenye duka ahadi iliyotolewa na wenye maduka mbele ya mji mzima. Tazameni jambo hili kwa makini. Hakuna hata mmoja katika wanawake wale aliyefundishwa kazi mpya. Kubeba walijua, na njia walizijua. Kilichoongezeka ni kadi.

Habari zikaenea upesi. Wanawake wauzao nguo kuukuu wakaja na malalamiko yao, na wengine baada yao, na mwezi wa Desemba 1971 wakakutana bustanini, wakakata shauri la kuwa na chama chao wenyewe. Sasa ikawa kazi ya kukiandikisha. Msajili akakataa. Alisema kuwa chama cha wafanyakazi ni cha kudai haki kwa mwajiri, na wanawake hawa hawana mwajiri anayejulikana. Basi chama chao kitamdai nani? Nao wakamjibu kwamba si lazima watu waungane ili kupigana na mtu. Waweza kuungana kwa ajili ya umoja wenyewe. Majadiliano yakachukua miezi, na mwezi wa Aprili 1972 chama kikaandikwa. Jina lake ni SEWA. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Umoja wa Wanawake Wanaojiajiri, na tena katika lugha nyingi za Bara Hindi neno hilo lenyewe maana yake ni utumishi.

Jina hilo lilichaguliwa kwa kusudi. Kabla ya hapo watu hawa waliitwa kwa majina ya upungufu tu: wasio na utaratibu, wasio rasmi, wasio na kazi maalum. Mtu akiitwa kwa kile asicho nacho, ni rahisi kumsahau sheria inapoandikwa.

Baada ya jina ilikuja fedha, na hapa habari ni tamu. Mchuuzi wa mboga hana fungu la kununulia mboga kulipopambazuka. Basi humwendea mkopeshaji, akakopa rupia 50 asubuhi, na jioni akarudisha 55. Rupia 5 zaonekana ni kitu kidogo. Lakini ipigeni hesabu hiyo ubaoni: kila siku 5, kwa siku 30, ni rupia 150 za riba kwa mkopo wa rupia 50, na kesho yake sharti akope tena. Mabenki ya mji yalikuwapo, nayo mwanzo yaliombwa yawakopeshe wanawake hawa. Lakini walipofika wamevaa nguo za kazi, na watoto mgongoni, hawajui kujaza karatasi, makarani hawakuwapenda, wala wao hawakuwapenda makarani. Mwisho wa mwaka 1973, katika mkutano wa chama, wanawake wakauliza kwa nini wasiwe na benki yao. Wakaambiwa kuwa wao ni maskini, na benki haijengwi kwa umaskini. Mmoja wao, muuza nguo kuukuu, akajibu kwamba ni kweli ni maskini, lakini ni wengi.

Na wingi ule ulikuwa na thamani. Wanawake 4,000 walitoa kila mmoja hisa ya rupia 10, ikawa rupia 40,000. Msajili wa vyama vya ushirika naye akaleta kizuizi: waanzilishi 15 ilikuwa sharti watie sahihi kwa mkono wao, nao hawakujua kuandika. Basi wakakaa na Bibi Ela usiku mzima, wakijifunza kuandika majina yao, hata asubuhi wakaenda kwa msajili na kutia sahihi mmoja baada ya mwingine. Nimefundisha watu kusoma na kuandika miaka mingi, wala sijui darasa lililokuwa na haja kama lile. Benki ikafunguliwa mwaka 1974. Na kwa kuwa wateja maelfu hawakuweza kutia sahihi, kila daftari la akiba lilibandikwa picha ya mwenyewe akishika ubao wenye namba yake, na uso wake ukawa ndio sahihi yake.

Wengi waliokopa hawakukopa ili kuanza biashara mpya. Walikopa ili kumlipa mkopeshaji wa zamani na kutoka mikononi mwake. Wengine walikomboa vyombo vya dhahabu na fedha walivyoviweka rehani, au shamba la ukoo lililochukuliwa kwa deni. Na hapo benki ilisisitiza kuwa mali iliyokombolewa kwa fedha ya mwanamke iandikwe kwa jina la mwanamke. Sharti hilo ni dogo kwa kulisema, lakini lilileta maneno mengi nyumbani.

Sisemi kwamba njia ilikuwa nyeupe. Walikuwapo wanawake, wengi wao Waislamu wa mitaa ya ndani ya mji, walioshona mablanketi kwa vipande vya nguo vilivyotupwa na viwanda, vipande wavyoviita chindi. Mfanyabiashara alinunua chindi kiwandani, akawapelekea majumbani, na kuwalipa kwa idadi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walipodai nyongeza, wafanyabiashara waliwanyima kazi kabisa. Na mshonaji aliyenyimwa kazi leo, kesho watoto wake hawana chakula. Jibu la chama lilikuwa kuanzisha ushirika wa washonaji wanaonunua chindi wenyewe kutoka viwandani. Hapo ujuzi wa sindano, uliokuwa mikononi mwao tangu utoto, ulianza kuwaletea faida iliyokuwa ikibaki njiani.

Wachuuzi wa mboga wa Manek Chowk walikuwa na vita vingine. Manek Chowk ni uwanja wa soko katikati ya mji mkongwe, na wanawake wengi waliokaa pale na vikapu vyao walirithi mahali pao kwa mama na bibi. Hata hivyo kwa sheria ya mji walikuwa watu wa kuziba njia. Polisi waliwafukuza, waliwatoza faini, walikamata vikapu. Chama kikalichukua shauri mpaka Mahakama Kuu ya nchi katika miaka ya 1980, na madai yao hayakuwa makubwa: mahali pa kuweka vikapu viwili. Wakapata kutambuliwa na kukaa katika soko lao. Mimi naona shauri hilo lapaswa kusomwa na kila mjumbe wa baraza la mji popote duniani, maana ni wepesi wetu wote kula mboga za mchuuzi asubuhi na kumwita uchafu wa barabara adhuhuri.

Kitu kilichokitikisa chama kuliko yote hakikutoka kwa polisi. Mwaka 1981 palikuwa na ghasia Gujarat juu ya nafasi zilizotengwa katika vyuo vya uganga kwa ajili ya Wadalit, watu ambao mila ya matabaka iliwahesabu kuwa najisi. Wanachama wengi wa SEWA walikuwa Wadalit. Chama kikasema wazi kwamba nafasi zile ni haki yao. Majoor Mahajan, chama mama, hakikupenda jambo hilo, kikaifukuza SEWA kutoka nyumbani mwake. Wengi walidhani binti amekwisha. Lakini alikuwa na benki yake, na ushirika wake, na wanachama waliokuwa tayari kulipa ada, akasimama kwa miguu yake.

Na sasa nirudie mafunzo, kwa maana ni baada ya hayo ndipo mafunzo yalipopata mahali pake. Mwaka 1984 wanawake wapatao 20 wa SEWA, wengine wasiojua kusoma, walifundishwa kutumia kamera za video. Mmoja wao alikuwa mchuuzi wa mboga wa Manek Chowk. Watu walicheka. Lakini mwanamke asiyejua kusoma aliweza kukumbuka kitufe kipi ni cha kazi gani, na picha walizopiga zilipelekwa mitaani kuwafundisha wenzao, na tena mbele ya wakuu waliokuwa hawajapata kuona jinsi kazi hizo zinavyofanyika.

Kaskazini mwa Gujarat, katika wilaya ya Banaskantha iliyo ukingoni mwa jangwa, mvua zilikosekana miaka mfululizo katikati ya miaka ya 1980. Wanawake wa huko ni watarizi hodari tangu zamani; binti hutarizi nguo za arusi yake mwenyewe. Njaa ilipowabana waliziuza nguo hizo kwa wafanyabiashara wapitao, kwa bei ya kusikitisha. Hakuna aliyehitaji kuwafundisha kutarizi. Pengine wao ndio wangetufundisha sisi. Walichokihitaji ni kujua kitambaa kinagharimu nini, saa zao zina thamani gani, daftari la hesabu linaandikwaje, na mnunuzi wa mjini anapenda kipimo kipi. Mafunzo ya namna hiyo, pamoja na kikundi cha kuuza kwa umoja, yaliwawezesha wengi kukaa kijijini kwao badala ya kuhama kila mwaka na watoto kutafuta vibarua.

Mwaka 1992 chama kikaanzisha bima yake kwa ajili ya ugonjwa, kifo na mali iliyoharibika. Kwa Kigujarati bima huitwa vimo, ndilo neno lile lile nililowaambieni mliweke. Mjane wa hamali, au hamali mwenyewe aliyevunjika mguu, hapo zamani alikuwa na njia moja tu, nayo ni ya mkopeshaji.

Sifa za wanawake hawa zilivuka bahari. Bibi Ela alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shirika la kusaidia mabenki ya wanawake duniani, lililoundwa mwaka 1979, pamoja na mama wa Kiafrika, Esther Ocloo wa Ghana, aliyeanza maisha yake ya biashara kwa kupika jemu na kuiuza njiani. Katika mji wa Durban, Afrika ya Kusini, wanawake walianzisha katika miaka ya 1990 chama kwa mfano wa SEWA. Kilifanya kazi njema kwa miaka kadha, kikafungwa mwaka 2004. Nakitaja hicho kwa makusudi, ili mtu asidhani kuwa kuiga jina kwatosha.

Mwaka 1996, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa 177, unaosema kwamba afanyaye kazi nyumbani kwake kwa ajili ya mwingine ni mfanyakazi kama wengine. SEWA ilikuwa imeupigania mkataba huo kwa miaka mingi. Nchi zilizoukubali na kuutia katika sheria zao ni chache mno, na India yenyewe haimo. Kwa upande wa wachuuzi mambo yalikwenda mbele zaidi: mwaka 2014 India ilitunga sheria ya kuwalinda wachuuzi wa barabarani. Sheria hiyo yataka kila mji uwe na kamati, na katika kila wajumbe 100 wasipungue 40 ambao ni wachuuzi wenyewe, waliochaguliwa kwa kura za wenzao. Na theluthi ya hao wawe wanawake. Miji mingi ilizembea kuziunda kamati hizo, na vikapu viliendelea kukamatwa hata baada ya sheria kutangazwa. Ndiyo maana wanachama wa SEWA hawakuacha kwenda mahakamani na katika mabaraza ya miji, wakiwa na nakala ya sheria mkononi, kama mahamali wa 1971 walivyokwenda na kadi.

Viwanda vikubwa vya nguo vya Ahmedabad vilikwisha kufungwa, karibu vyote, kabla ya karne ya ishirini kumalizika, na maelfu ya wanaume wakapoteza kazi. Bibi Ela Bhatt alifariki katika mji huo huo tarehe 2 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 89. Chama kilichokataliwa na msajili kwa sababu hakina wa kumdai kilikuwa wakati huo na wanachama zaidi ya laki 20, kama wahesabuvyo wenyewe, yaani zaidi ya milioni 2.